Kitabu Kizima Kimoja: Watoto wa Ivuna Wasome Nini Wakati wa Likizo

Mhadhara uliotolewa mbele ya walimu, wazazi na viongozi wa Kata ya Ivuna, Wilaya ya Momba, mkoani Songwe, wiki ya kufunga shule kwa likizo ya Juni

Ninyi watoto wa darasa la tano, la sita na la saba mliobanana pale madirishani, marahaba. Salamu zenu nilizipokea tangu nashuka kwenye pikipiki, ila sikuwa na pumzi ya kuziitikia kwa vumbi la njiani.

Nawashukuru kwa kuja. Najua ufuta uko uwanjani unasubiri kukung'utwa, na wapo ambao mpunga wao bado haujaingia ndani. Mtu aliyeacha kazi hiyo akaja kusikiliza habari za vitabu vya watoto amenipa heshima kubwa.

Nimekuja na ombi moja. Ningependa kila mtoto wa Ivuna, kabla hajaaga shule ya msingi, awe amesoma kitabu kizima kimoja cha hadithi, kuanzia jalada mpaka ukurasa wa mwisho, pasipo kuulizwa maswali na mtu. Kitabu kimoja. Na wakati wa kukisoma ni likizo. Ombi hilo nitalitetea kwa hoja tano. Nyingine zitakuwa ndefu, nyingine fupi, kwa kadiri jambo lenyewe lilivyo. Kwenye hoja ya tatu nitataja vitabu kwa majina, kwa hiyo wenye kalamu wajiandae.

Hoja ya kwanza: watoto wetu wanajua kusoma, lakini hawajawahi kumaliza kitabu.

Walimu wenzangu mnalifahamu somo la ufahamu. Mtoto anapewa kifungu cha habari, aya mbili au tatu, na chini yake maswali matano. Akishazoea, hasomi tena habari. Anaanza na swali, anarudi juu na kidole, anatafuta neno linalofanana na la swali, anaandika, anaendelea. Ni ufundi, na ufundi huo unafaulisha. Mimi mwenyewe nimeufundisha miaka mingi, wala sijutii, maana mtihani upo na mtoto lazima aufanye.

Lakini mtoto aliyesoma vifungu tu hajui kinachompata msomaji katikati ya hadithi ndefu. Hajui kusahau jina la mtu na kurudi nyuma kurasa ishirini kulitafuta. Hajui kumchukia mtu ukurasa wa kumi, halafu akamhurumia ukurasa wa themanini. Hajui kulala na swali ambalo hakuna aliyemuuliza, akaamka nalo, akaenda nalo machungani. Kifungu cha habari huisha kabla hayo hayajatokea.

Halafu anakwenda kidato cha kwanza. Mnajua kinachomkuta huko. Mpaka darasa la saba shule zetu za serikali zinamfundisha kwa Kiswahili. Akivuka tu, karibu masomo yote, sayansi na jiografia yakiwemo, yanageuka Kiingereza, na Kiswahili kinabaki na nafasi ndogo. Maana yake, darasa la tano, la sita na la saba ndiyo miaka ya mwisho ambapo mtoto wa Ivuna anasoma kila kitu kwa lugha asiyojikwaa nayo. Ikiwa katika miaka hiyo hajawahi kuzama ndani ya kitabu kwa Kiswahili, sioni atakavyojifunza kuzama kwa lugha ambayo kila mstari una maneno matatu asiyoyajua.

Hebu niwaulize watu wazima. Nani anaikumbuka "Sizitaki Mbichi Hizi"? Nyosheni mikono. Na Bulicheka je? Na Wagagagigikoko? Tazameni mikono hiyo, watoto, tazameni. Wazazi wenu wana miaka arobaini, hamsini, wengine wamemaliza shule wakarudi kwenye jembe, na hadithi hizo za vitabu vya Tujifunze Lugha Yetu bado wanazo. Zilibaki kwa sababu zilisomwa kwa ajili yake zenyewe, tena mara nyingi, kitabu kimoja watu wanne, huyu akifunua ukurasa kabla yule hajamaliza. Lakini zilikuwa fupi. Tulipozimaliza tulitamani ndefu zaidi, na wengi wetu hatukupewa.

Hoja ya pili: likizo yetu ina majira yake.

Kule Ulaya na Marekani, shule zinafungwa miezi ya kiangazi chao, na maktaba zinatoa orodha za vitabu vya kusoma msimu huo. Ni desturi nzuri. Lakini mtu akiichukua ilivyo akaileta hapa, itamshinda kabla ya wiki kwisha. Likizo yetu ya Juni inaangukia kwenye mavuno. Likizo ya Desemba inaangukia kwenye mvua za kwanza na kupanda. Sitasimama mbele yenu niseme mtoto asishike jembe ili ashike kitabu. Nyumba inayotegemea ufuta na mpunga haiwezi kufanya hivyo, na mtoto mwenyewe anajua haiwezi.

Muda upo, ila umejificha. Uko kwenye dungu. Mtoto anayelinda ndege kwenye mpunga anakaa juu pale tangu alfajiri. Anapiga debe, anapiga kelele, halafu ndege wanaondoka na kimya kinarudi, wakati mwingine nusu saa nzima. Uko machungani, ng'ombe wakishatulia mchana kivulini. Uko kwenye foleni ya mashine ya kukoboa. Uko jioni, kwa nyumba zilizopata umeme au taa ya sola. Ukijumlisha vipande hivyo kwa wiki nne, kitabu cha kurasa mia kinakwisha na nafasi inabaki.

Lakini ipo likizo nyingine ambayo hatuiiti likizo, na ndiyo ndefu kuliko zote. Darasa la saba wanafanya mtihani wao wa mwisho mwezi Septemba. Siku ya pili yake hawana shule, hawana sare, hawana kengele, mpaka Januari. Ni zaidi ya miezi mitatu. Kwa miaka saba mtu alikuwa akimwuliza mtoto huyu amejifunza nini leo, na ghafla hakuna anayemwuliza chochote. Wengine wanapanda magari kwenda Tunduma kuuza maji na karanga kati ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde. Wasichana wengine wanapelekwa kulea watoto wa watu mijini. Januari ikifika, wapo wasiorudi. Sisemi kwamba kitabu kitamzuia mtoto kupanda gari. Nasema tu kwamba hao ndio ningeanza nao, maana ndio wenye muda mrefu zaidi na ndio tunaowasahau mapema zaidi.

Na neno moja kwa walimu kuhusu vitabu vya maswali na majibu. Mtoto akifunga shule na kitabu cha maswali peke yake, likizo kwake inakuwa mtihani usio na msimamizi. Atafanya kurasa tano, atakiweka darini. Kama ni lazima apewe, basi apewe na cha hadithi, na cha hadithi kisifuatiwe na swali lolote shule ikifunguliwa. Likizo ikipita na swali likaulizwa, mwakani atarudi kusoma kwa kidole.

Hoja ya tatu: vitabu vyenyewe.

Ukienda maduka ya vifaa vya shule Tunduma utapata madaftari, kalamu, na vitabu vya maswali vilivyopangwa mpaka juu. Hadithi ni chache. Vwawa ni vivyo hivyo. Kwa hiyo hivi nitakavyovitaja vinahitaji kuagizwa, vingine Mbeya, vingine Dar es Salaam, na vingine ni vya zamani, vinapatikana kwa aliyevitunza. Nimevichagua kwa kigezo kimoja: nimewaona watoto wa umri huu wakivimaliza, au nilivimaliza mwenyewe nikiwa na umri wao.

Kwa anayeanza, Hekaya za Abunuwasi. Kila kisa ni kifupi, kurasa chache tu, lakini mtu ni yuleyule, mjanja asiye na cheo anayewashinda wenye vyeo kwa akili. Mtoto anasoma kisa kimoja dunguni, cha pili kesho, na kwa kuwa anamjua Abunuwasi tayari, anajikuta amefika mwisho wa kitabu bila kuona kazi. Pia hadithi za Sungura, zilizokusanywa katika vitabu vingi. Hizo watoto wanazijua kwa sikio. Majirani zetu wa Zambia wanamwita Kalulu, na ujanja wake ni uleule. Usifikiri kwamba mtoto atachoka kusoma kitu anachokijua. Mtoto hupenda kuona kwamba kile alichosimuliwa na bibi kimekubali kukaa kwenye karatasi.

Kitabu ninachokipenda kuliko vyote kwa darasa la sita na la saba ni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert. Niruhusuni nikae hapa kidogo.

Wengi mnalijua jina la Shaaban Robert kwa mashairi na kwa mitihani. Alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, akafanya kazi ya ukarani katika serikali ya kikoloni, akaandika usiku, akafariki mwaka 1962. Adili na Nduguze ni kitabu chembamba. Mjumbe wa mfalme anakwenda mji wa mbali kufuatilia kodi, anafikia kwa liwali aitwaye Adili, mtu mpole anayesifiwa na kila mtu. Usiku mjumbe hapati usingizi. Anamwona mwenyeji wake akienda kwa siri mahali walipofungwa manyani wawili. Adili anawapiga, na huku anawapiga analia. Akimaliza anawapa chakula, anawafuta machozi.

Msomee mtoto mpaka hapo, halafu funga kitabu. Nimefanya hivyo darasani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Darasa zima linapiga kelele. Kwa nini mtu mwema anapiga wanyama? Kama hataki kuwapiga, nani anamlazimisha? Manyani hao ni akina nani? Hakuna swali la ufahamu linaloweza kuwauliza watoto vizuri hivyo, kwa sababu safari hii wanaouliza ni wao. Na hapo nawaambia kitabu kiko kwenye meza, anayetaka kujua achukue.

Nikiri kwamba Kiswahili chake ni kizito mahali pengine. Shaaban Robert anapenda kumkalisha msomaji na kumpa nasaha aya mbili nzima kabla hadithi haijaendelea. Nawaambia watoto kwamba neno usilolijua liruke, ukiona hadithi imekuacha rudi ulitafute, ukiona bado unaelewa endelea. Na aya za nasaha wakiziruka mara ya kwanza siwagombezi. Wanaokisoma mara ya pili huzirudia wenyewe.

Mwandishi huyohuyo aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, na hicho ningependa kiwafikie hasa wasichana wetu, ingawa wavulana nao hawatapoteza kitu. Siti alizaliwa kijiji cha Fumba, Unguja, katika nyumba ya wafinyanzi, akawa anauza vyungu vya mama yake. Hakusoma shule. Akawa mwimbaji, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi nyimbo zake kwa Kiswahili, wakati ambapo sauti ya mwanamke wa Kiafrika wa pwani hii ilikuwa haijawahi kuwekwa kwenye santuri. Alifariki mwaka 1950. Huku kwetu mtoto akichimba shimo la nguzo anakutana na vigae vya vyungu. Ningependa ajue kwamba yuko binti aliyetoka kwenye udongo wa namna hiyo na dunia ikamsikiliza.

Kwa wapenda safari, Marimba ya Majaliwa cha Edwin Semzaba, kilichochapishwa mwaka 2008. Semzaba wengi mnamfahamu kwa tamthiliya ya Ngoswe, inayosomwa sekondari. Hiki alikiandika kwa ajili ya watoto, na kinamzungusha msomaji sehemu nyingi za nchi yetu. Mtoto ambaye hajavuka Tunduma anarudi na majina ya miji na maziwa kichwani. Pamoja nacho naweka Ndoto ya Amerika cha Ken Walibora wa Kenya, aliyefariki mwaka 2020. Hiki nampa mtoto anayetazama malori na kujiuliza yanakwenda wapi, na kama angepakiwa angefika wapi. Kinazungumza na tamaa hiyo hiyo kwa adabu, bila kumcheka.

Tafsiri za zamani nazo zisitupwe. Kisiwa Chenye Hazina kilitolewa kwa Kiswahili tangu miaka ya 1920, na hadithi ya ramani, meli na maharamia haijazeeka hata kidogo. Mwenzake wa zama hizohizo, Mashimo ya Mfalme Sulemani, ni mtamu pia, lakini aliyekiandika kwa Kiingereza alituona Waafrika kwa jicho la bwana mkubwa. Hicho simwachii mtoto peke yake. Namngoja awe na mtu mzima wa kuzungumza naye njiani. Msichana anayeitwa Alice na nchi yake ya ajabu aliingia Kiswahili mwaka 1940 kwa jina la Elisi, na mwaka 2015 Ida Hadjivayanis akamtafsiri upya, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Wazazi wengine wamenilalamikia kwamba mambo yake hayana kichwa wala miguu. Ni kweli, na watoto wanayapenda kwa sababu hiyohiyo.

Kwa darasa la saba waliomaliza mtihani, Shamba la Wanyama, kazi ya George Orwell iliyotafsiriwa na Fortunatus Kawegere mwaka 1967. Watu husema ni kitabu cha siasa, cha watu wazima. Mpeni mtoto anayechunga. Huyo anamjua ng'ombe mvivu na ng'ombe mchapakazi, anajua kwamba mbwa ana bwana mmoja, anajua nani hula kwanza. Nina hakika mtoto mchungaji wa bonde hili anamwelewa yule farasi anayefanya kazi mpaka anaanguka, upesi kuliko mtoto wa London ambaye hajawahi kugusa mnyama. Siasa ataikuta humo mwenyewe, kwa wakati wake.

Sasa nije kwa mtoto ambaye mara nyingi tunamruka. Yuko darasa la sita, ana miaka kumi na miwili, na anasoma polepole, neno kwa neno. Nyumbani kwao wanazungumza Kiwanda, au Kinyamwanga, au Kisukuma, na Kiswahili anakikuta shuleni. Ukimpa Adili utamvunja moyo. Ukimpa kitabu cha picha cha darasa la pili mbele ya wenzake utamvunja moyo zaidi. Huyo anahitaji vitabu vyembamba vyenye hadithi ya umri wake. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianzishwa nchini mwaka 1991 kwa ajili ya kazi kama hiyo, na vitabu vilivyopitia mikono yake vimefika shule nyingi. Yupo pia Elieshi Lema, ambaye Safari ya Prospa chake nimewahi kumpa mtoto wa namna hiyo, akakirudisha baada ya siku nne akiuliza kama kuna kingine. Na kwa ajili yake nina pendekezo dogo: vitabu vyote vya sanduku la kuazima, nitakalolieleza kwenye hoja ya tano, tuvivike karatasi ya kaki, kama tunavyovika madaftari. Kinene na chembamba vitavaa nguo moja, na hakuna atakayejua nani amechukua nini.

Vitabu vipya navyo vinakuja. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyo chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023 kwa riwaya na ushairi, na baadaye hadithi za watoto zikaingizwa. Walimu wakuu, tufuatilie vitabu vya washindi. Vimetuzwa kwa fedha ya umma, na watoto wa Ivuna ni umma.

Hoja ya nne ni fupi: kitabu kisomwe kwa sauti.

Wenye umri wangu tulikua na kipindi cha Mama na Mwana, Radio Tanzania Dar es Salaam, na sauti ya Debora Mwenda. Nyumba moja ilikuwa na redio, na watoto wa nyumba sita walikuwa uani. Hakuna aliyesema kwamba anayesikiliza hadithi hasomi. Basi mtoto wa darasa la sita jioni amsomee bibi yake. Bibi huenda hajui herufi, lakini anajua hadithi kuliko sisi sote, na atauliza, "Halafu?" Neno hilo moja linamfanya mtoto afungue ukurasa unaofuata hata kama macho yamechoka. Mama zangu msiosoma, msiseme kazi hii si yenu. Kazi yenu ni kuuliza halafu.

Hoja ya tano: sanduku lisiwe na kufuli.

Hapa lazima niseme lililonipata. Miaka ya nyuma, katika shule mojawapo niliyofundisha, tulipokea maboksi mawili ya vitabu vya hadithi. Nilikuwa na dhamana navyo. Nilivipenda mno, na kwa kuvipenda nikavifungia stoo ili visiharibike, nikiwaza kwamba tutavitoa tukishapata kabati. Kabati halikuja. Siku niliyofungua stoo, mchwa walikuwa wameingia kwa chini. Majalada yalikuwa mazima. Ukigusa, ndani kulikuwa udongo. Hakuna mtoto hata mmoja aliyekuwa amevisoma. Ningewaachia, labda vitano vingepotea, kumi vingechanika, na watoto mia wangekuwa wameishi navyo. Kosa lile nimelibeba mpaka leo, na ndilo lililonileta hapa.

Nchi yetu ilishawahi kulifikiria jambo hili kwa ukubwa. Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru, na katika miaka ya 1970, pamoja na kampeni ya elimu ya watu wazima, maktaba ndogo zilipelekwa hadi vijijini. Wapo wazee hapa wanaozikumbuka. Hatuna haja ya kungoja jengo ili tuanze tena. Sanduku moja la bati lililoinuliwa juu ya matofali, daftari la kuazima, na watoto wawili wa darasa la sita wa kulisimamia, msichana na mvulana. Anayechukua anaandika jina na tarehe. Anayechelewa anakumbushwa. Aliyepoteza asichapwe wala baba yake asidaiwe, kwa maana mzazi akidaiwa mara moja, mtoto huyo na wadogo zake wote hawatashika kitabu tena. Kilichochakaa kwa kusomwa tukishone na tukirudishe sandukuni.

Mheshimiwa Diwani, nakaribia mwisho. Kuna kitabu kimoja ambacho nilitamani kukitaja kwenye hoja ya tatu na sikuweza, kwa sababu hakijaandikwa.

Tarehe 16 Desemba 1938, jiwe lilianguka kutoka angani hapa Ivuna. Lilikuwa dogo, gramu 700 hivi, uzito wa mfuko mdogo wa mchele. Mkoa wetu una kimondo kingine mashuhuri, kile cha Mbozi kinachokadiriwa kuwa na tani 16, na watalii wanakwenda kukipiga picha. Lakini kwa wanasayansi, hiki kidogo cha Ivuna kina thamani ya pekee. Ni mabaki ya vitu vilivyokuwepo wakati jua na sayari zinaanza, miaka zaidi ya bilioni 4.5 iliyopita, na ni aina adimu mno. Aina hiyo yote ya vimondo duniani imepewa herufi ya jina la kijiji chetu: CI, na I hiyo ni Ivuna. Mwaka 2020 chombo cha Wajapani kilileta duniani gramu chache za udongo kutoka kwenye gimba la angani liitwalo Ryugu, na walipoupima wakasema unafanana na mawe ya aina ya Ivuna. Kipande cha jiwe letu kiko London, katika makumbusho.

Na chumvi ya chemchemi zetu vilevile. Mwaka 1966 wataalamu wa mambo ya kale, Brian Fagan na John Yellen, walichimba hapa na kuonyesha kwamba watu walikuwa wakitengeneza chumvi kwenye chemchemi hizi tangu karne ya 13 hivi. Ripoti yao ilitoka mwaka 1968, kwa Kiingereza. Mtoto wa Tokyo anaweza kusoma kuhusu Ivuna. Mtoto wa Ivuna, anayekanyaga vigae vya vyungu vya zamani akienda kisimani, hana pa kusoma.

Kule Ukerewe, mzee Aniceti Kitereza alikamilisha mwaka 1945 kitabu kikubwa cha maisha ya Wakerewe. Alingoja miaka 35 kikachapishwa kwa Kiswahili, na alifariki mwaka 1981 kabla hajakishika mkononi. Sitaki sisi tungoje hivyo. Mwaka 2038 itatimia miaka mia tangu jiwe letu lianguke. Watoto walioko madirishani pale watakuwa watu wazima kamili wakati huo, na wapo miongoni mwao watakaoweza kukiandika kitabu cha Ivuna, wakianza mapema.

Kwa hiyo ndani ya sanduku la kwanza, hili hapa mbele yenu, pamoja na vitabu tutakavyovivika kaki, nimeweka daftari kubwa tupu. Litabaki shuleni, na kila atakayerudisha kitabu atakaribishwa kuandika humo jambo moja alilolisikia nyumbani kuhusu Ivuna: chumvi ilivyochemshwa, ziwa lilivyopanda na kushuka, mtu wa kwanza wa ukoo wake kufika hapa. Ukurasa wa kwanza nimeuandika tarehe tu, 16 Desemba 1938, na chini yake pako wazi. Kama yupo mzee au mama hapa aliyewahi kusikia kwa baba au bibi yake habari za siku ile, mlio uliosikika, watu walikokimbilia, nani aliyeliokota jiwe, namwomba tukimaliza asiondoke. Watoto wawili wa sanduku wana kalamu, na wamekaa chini ya mwembe wanamngoja.